SOMO: Kuunda na kurusha ndege ya rimoti kwa mara ya kwanza (soma yote ndipo uulize)

Wakuu, salaam. Swali la "nianzie wapi" limejibiwa vipande vipande mpaka wageni wanachanganyikiwa, kwa hiyo naliweka lote mahali pamoja. Ndege ninayoelekeza ni ya fomubodi (bamba jepesi la fomu lililobandikwa karatasi pande mbili) na mota ya umeme, bawa liko juu ya bodi, haina aileroni, yaani vibao vya kugeuzia kwenye bawa. Inageuka kwa usukani wa mkia, na kwa kuwa ncha za bawa zimeinuka, ukiachia stiki inajiweka sawa yenyewe. Anayetaka kuanza na jeti au ndege ya kivita asubiri. Hizo hazimpi mtu nafasi ya kufikiri.

Kabla ya kuagiza chochote, uliza kuhusu kibali kwenye mamlaka ya usafiri wa anga: Tanzania ni TCAA, Kenya ni KCAA. Usisubiri mzigo ukwame forodhani. Na usirushe karibu na uwanja wa ndege, kambi, wala juu ya watu.

Vifaa

Mota ya brashilesi 2212 ya 1000KV, ESC (kidhibiti cha kasi ya mota) ya ampea 30, propela 9x4.7 (nunua tano, zitavunjika), servo mbili za gramu 9 (vimota vya kusukuma usukani na elevata), betri ya lipo 3S (lithiamu ya seli tatu) ya 1300 mAh, chaja yenye balansi (inayosawazisha seli), rimoti ya 2.4 GHz ya chaneli 4 au zaidi pamoja na risiva yake, kipokezi kinachokaa ndani ya ndege. Fomubodi ya milimita 5, ile ya mabango inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi. Gundi ya moto, vijiti vya mishikaki, waya mgumu wa chuma wa milimita 1.2.

Hatua

1. Kata bawa: urefu sentimita 100 ncha hadi ncha, upana 18. Badilisha wembe mara tu unapoanza kurarua karatasi.

2. Ndani ya bawa weka mhimili wa fomubodi mbili zilizobandikwa pamoja, kisha inua kila ncha sentimita 6 kutoka mezani na ugundishe katikati. Usipunguze. Bawa likiwa bapa, usukani utazungusha pua tu na ndege haitalala kwenye kona.

3. Bodi sentimita 80 toka pua hadi mwisho wa mkia: 16 mbele ya bawa, 18 za bawa, 36 nyuma yake, 10 za mkia wenyewe. Mkia wa kulala ni 36 kwa 10, na sentimita 3 za nyuma yake ndizo elevata, kibao cha kupandisha na kushusha pua. Mkia wa kusimama kimo 15.

4. Funga mota ikiwa imeinamishwa digrii 2 hadi 3 chini, na digrii 2 hadi 3 kulia ukitazama kutoka nyuma.

5. Ikizunguka kinyume, badilishana waya wowote mbili kati ya tatu za mota. PROPELA IWE IMETOLEWA. Majaribio yote ya mezani ni bila propela, hata kama "unagusa kidogo tu".

6. Servo ya usukani ichomeke chaneli 1, ile ya aileroni, siyo chaneli 4. Hivyo kwa rimoti ya Mode 2 (throto, yaani stiki ya nguvu ya mota, iko kushoto) mkono wa kulia unashika elevata na kona pamoja, na siku utakapohamia ndege ya aileroni vidole havitajifunza upya.

7. Kagua uelekeo. Vuta stiki kwako, elevata ipande. Sukuma kulia, usukani uende kulia ukitazama kutoka nyuma. Elevata isicheze zaidi ya milimita 12 kila upande, usukani milimita 20.

8. Zima rimoti huku risiva ikiwa na umeme. Mota lazima ikae kimya. Ikiendelea kuzunguka, rudia kuoanisha rimoti na risiva huku throto ikiwa chini kabisa.

9. KITOVU CHA UZITO. Hapa ndipo nilipokosea mwenyewe, na ndipo ndege nyingi za kwanza zinapofia. Pima sentimita 5 kutoka ukingo wa MBELE wa bawa kwenda nyuma, siyo kutoka puani. Weka alama chini ya bawa, kushoto na kulia, karibu na bodi. Inua ndege kwa ncha za vidole viwili kwenye alama hizo. Pua inapaswa kuinama kidogo sana. Ikiinuka, usirushe hata kama watu wamekwisha kusanyika kutazama. Ndege yenye mkia mzito hupandisha pua yenyewe mara tu inapotoka mkononi, bawa linaishiwa nguvu ya kuinua, inageuka ubavu na kuchomeka ardhini ndani ya sekunde tatu au nne. Hakuna stiki inayoiokoa. Yenye pua nzito kidogo inalega na inatua kwa kasi, lakini unaishika.

Makosa ni haya. Kupima bila betri. Kupima kabla ya propela. Kupima vizuri, halafu usiku ukapamba mkia kwa gundi na selotepu za rangi, asubuhi hupimi tena. Mkia uko mbali na kitovu kuliko pua, karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo gramu 10 ulizoongeza kule zinadai gramu 25 mbele. Anza kwa kusogeza betri. Risasi za kuvulia ziwe suluhisho la mwisho. Ndege nzima isizidi gramu 650.

10. Kabla ya kwenda uwanjani, jizoeze kurusha kwenye kompyuta kwa PicaSim, programu ya kuigiza ndege za rimoti, kwa jumla ya muda wa saa tano hivi. Ni ya bure.

11. Nenda asubuhi kabla ya saa 3. Pwani upepo wa bahari huamka baada ya hapo, na wakati wa kusi hauna huruma na gramu 600. Throto robo tatu, tupa kuelekea upepo, pua ikiwa sawa na upeo wa macho. Usitupe kwenda juu. Panda kama mita 30 ndipo uanze kona. Kipima muda dakika 5, kisha tua.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Mkuu, betri yangu imevimba kidogo tu. Naweza kurushia mara moja nijaribu?

Jibu: Hapana. Imalize umeme taratibu nje ya nyumba kwa balbu ya indiketa ya gari ya wati 21, usiondoke ukaiacha, kisha usiichaji tena.

Swali: Nimesoma juu juu. Mota inazunguka kinyume, nifanyeje?

Jibu: Hatua ya 5.

Swali: Nimeweka gundi ya supa kwenye fomu, imekula shimo. Somo lako halijasema kitu.

Jibu: Somo limesema gundi ya moto. Supa gluu ya kawaida, gundi ya viatu na rangi nyingi za kupuliza huyeyusha fomu ya aina hii. Kata kipande hicho, ziba kwa kingine.

Swali: Samahani kaka, naomba kuelewa. Kwa nini mota iiname chini na kulia? Siyo kwamba inapoteza nguvu?

Jibu: Swali zuri sana, dada. Nguvu inayopotea kwa digrii 3 haifiki hata asilimia moja. Bawa liko juu na lina nguvu kubwa ya kuinua: ukiongeza throto, kasi inaongezeka, bawa linainua zaidi, pua inapanda. Mwinamo wa chini unaivuta irudi. Upande wa kulia ni kwa sababu propela ikizunguka kwenda kulia, bodi hutaka kuzungukia kushoto, na upepo wake unaojisokota hupiga mkia wa kusimama na kuipeleka pua kushoto. Jaribu hivi: ruka sawa kwa nusu throto, kisha ongeza ghafla. Pua ikipanda sana, ongeza wosha (kipete cha bati cha skrubu) moja nyembamba chini ya skrubu za juu za mota. Ikivuta kushoto, wosha chini ya skrubu za kushoto. Rekebisha upande mmoja kwa wakati mmoja.

Swali: Ndege hii hii niliirusha Tanga ikawa laini. Nimehamia Mbeya, inatua kwa kasi na kupanda inasuasua. Sijagusa kitu.

Jibu: Ni hewa. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Tanga. Ili bawa libebe uzito ule ule, kasi lazima iongezeke kama asilimia 8, na propela nayo inashika hewa kidogo. Weka 10x4.5, lakini pima ampea kwanza na uguse mota baada ya dakika moja. Ikiwa huwezi kuishika kwa vidole, rudi kwenye 9. Na kata uzito: bandua karatasi ya ndani ya bawa.

Swali: Ndege ikinijia kushoto kunakuwa kulia, nachanganyikiwa.

Jibu: Usifikirie kushoto wala kulia. Sukuma stiki upande wa bawa lililoshuka, kana kwamba unaliwekea nguzo.

Swali: Shemeji anarudi kutoka Dubai. Lipo zinaruhusiwa ndani ya ndege?

Jibu: Kwenye begi la mkononi, siyo la kupakia chini. 3S ya 1300 ni kama Wh (wati-saa) 14, na kikomo cha kawaida ni 100. Kila plagi izibwe kwa selotepu, chaji iwe karibu volti 11.4. Bado aulize shirika lake.

Swali: Mipira ya kufungia bawa inakatika kwa jua. Nimekata tyubu ya baiskeli vipande vya milimita 5, inafaa?

Jibu: Inafaa sana, ilimradi isikazwe mno. Bawa linapaswa kuteleza likigonga kitu, ndiyo maana tunafunga kwa mpira badala ya skrubu. Minne, miwili ikipishana. Chini ya mpira kwenye ukingo wa nyuma wa bawa gundisha kijiti cha mshikaki, la sivyo fomu itakatika kabla ya tyubu.