Somo: Kuokoa mti mkubwa wa avenyu kabla msumeno haujawashwa (Lubumbashi)

Wandugu, kiangazi kikishaingia, malori ya mchanga na kokoto yanaanza kupishana, na miti ya avenyu inaanza kuanguka. Jakaranda, flamboyanti na miembe ambayo wengi wetu tuliikuta imeshakuwa mikubwa inatoka ili duka la ghorofa lipate maegesho. Tukishaiona imelala ndipo tunapiga kelele. Lakini mti unaokolewa wakati ramani bado iko mezani, na mwenye kusikilizwa pale mezani ni yule aliyekuja na vipimo.

1. Pima. Zungusha utepe kwenye shina, mita 1.3 kutoka chini. Gawa kwa 3.14 upate kipenyo, kisha zidisha kwa 12. Shina la mzingo wa sentimita 188 lina kipenyo cha kama 60. Mara 12 ni mita 7.2. Hiyo ndiyo duara ya kulinda, kila upande kuanzia shinani. Watu wanadhani mizizi imezama chini sana kama nguzo ya umeme. La, sehemu kubwa iko katika sentimita 60 za juu za udongo, pale pale fundi anapotaka kuchimba msingi. Chora mchoro: mti, duara, ukuta wa parsele (kiwanja), barabara. Piga picha zenye tarehe.

2. Jua nani anajenga, na kwa ruhusa gani. Anzia kwa shefu wa kartye (mtaa), halafu komini (ofisi ya wilaya ya mji), halafu wahusika wa mipango-miji. Mradi mkubwa una deni lingine: sheria ya mazingira namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, kifungu cha 21, inadai uchunguzi wa athari ufanyike kabla ya kazi kuanza. Omba kuuona.

3. Andika barua. Katiba, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wengine. Mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna wa kushitakiwa kwa kuandika. Taja pia kifungu cha 53, kinachosema mazingira safi ni haki yetu na kuyatetea ni wajibu wetu. Ukurasa mmoja unatosha, pamoja na mchoro na majina ya majirani. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, kesho utaambiwa hukuandika. Na kwa kuwa miezi mitatu ni mirefu na msumeno unamaliza kazi asubuhi moja, omba wazi kwamba mti usiguswe mpaka jibu litoke.

4. Peleka njia nyingine. Hapa ndipo wengi tunashindwa. Tunasema «msikate», basi. Mwenye mradi ana benki inamngoja. Muoneshe lango likisogezwa mita nne, au nafasi mbili za magari zikiachwa, mti unabaki na wateja wanapata kivuli. Nairobi, mwaka 2020, mti mkubwa wa mugumo (aina ya mtini) pale Westlands ulikuwa kwenye njia ya barabara mpya ya mwendo kasi. Watu walipinga, Rais Uhuru Kenyatta akaamuru ulindwe, na barabara ikajengwa bila kuuangusha.

5. Linda mizizi wakati wa ujenzi. Uzio kwenye duara ile kabla lori la kwanza halijaingia. Ndani yake hakuna kurundika kokoto, kuosha vyombo vya sementi wala kuegesha magari. Mti uliobanwa udongo haufi siku hiyo. Unakauka baada ya miaka miwili, mitatu, na wote wanasema «ulikuwa mzee».

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Nyota, Katuba: Mwembe uko ndani ya parsele ya jirani, anataka kuukata. Naweza kumzuia?
Jibu: Hapo ni vigumu, mama. Mwenye parsele ana nguvu kuliko barua yako. Nenda ukaongee naye kama jirani, umuulize kinachomsumbua. Mara nyingi ni tawi moja linalolalia mabati, na tawi linakatika bila mti kuondoka.

Ilunga: Jakaranda ni miti ya wazungu, kwa nini tuihangaikie?
Jibu: Asili yake ni Amerika Kusini, ndiyo. Flamboyanti ilitoka Madagaska, na mwembe wako ulitoka Asia. Kivuli chake ni cha hapa hapa. Ila ukiona muombo mzee, mti wa asili wa hapa kwetu, umesalia mjini, uanze na huo. Makala (mkaa) yameshamaliza wenzake.

Yaya Sifa, Kampemba: Wanaahidi kupanda miche kumi badala ya mti mmoja.
Jibu: Waulize nani ataimwagilia kuanzia Mei mpaka mvua irudi. Kama jina la mtu huyo halimo kwenye mkataba, hiyo miche usiihesabu.

Fundi Kas: Na kama mti umeoza kweli?
Jibu: Uyoga kwenye kitako, shina linalolia tupu ukiligonga, udongo uliopasuka upande ambao mti haujainamia: ukiyaona haya, mlete mtu wa kilimo auangalie. Akisema ni hatari, uachie. Tukitetea hata iliyooza, barua inayofuata haitasomwa.

Mama Nyota: Kwetu wameshachimba mfereji upande mmoja, mizizi imekatika.
Jibu: Mizizi iliyochanika ikatwe vizuri kwa msumeno mkali, ifunikwe udongo wenye unyevu leo hii, isilale wazi kwenye jua. Mwagilia kiangazi chote, taratibu, maji yazame. Usiweke mbolea, na usikubali mtu apunguze matawi mabichi eti kuusaidia mti. Majani hayo ndiyo yatakayolisha mizizi mipya.