Jinsi ya kutunza kumbukumbu za taasisi wakati uamuzi unafanyika kwenye simu

Chukua jalada la mradi uliokamilika miaka michache iliyopita. Folio ya 14, yaani hati iliyopewa namba 14 ndani ya jalada hilo, ni dokezo la kuomba kibali cha kubadili mkandarasi, na folio ya 15 ni hati ya malipo ya mkandarasi mpya. Kibali chenyewe hakimo, kwa sababu kilitolewa usiku kwa ujumbe wa simu, na aliyekitoa amekwisha kustaafu na simu yake. Pengo la namna hii linaziumiza masjala za leo kuliko uhaba wa makabati, na kununua mfumo wa kompyuta peke yake hakulizibi.

Anza na waraka wa mkuu wa taasisi unaoeleza kumbukumbu ni nini. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa kumbukumbu, ISO 15489, kilichotolewa mwaka 2001 na kurekebishwa mwaka 2016, hakibagui karatasi na simu. Kinataka kumbukumbu iwe halisi, ya kuaminika, kamili bila kuchezewa, na yenye kutumika. Kwa hiyo ujumbe ulioidhinisha malipo ni kumbukumbu, ilhali ujumbe wa kuulizana kikao kinaanza saa ngapi hauhitaji kutunzwa.

Waraka huohuo uagize kwamba aliyetoa uamuzi ndiye atakayeuwasilisha masjala, ikiwezekana siku inayofuata ya kazi. Picha ya kioo cha simu ni ushahidi dhaifu, kwani ni rahisi kukatwa na mara nyingi haionyeshi mazungumzo yote. Ni afadhali mazungumzo yahamishwe yakiwa na majina ya mtumaji na mpokeaji, tarehe na saa, kisha mtunza kumbukumbu ayape namba ya folio. Programu isiporuhusu, mhusika aandike dokezo fupi la kuthibitisha uamuzi wake na kulitia sahihi. Hatua hii ndogo naithamini kuliko nyingine zote, maana inamlinda hata aliyetekeleza agizo kwa nia njema.

Kwenye diski ya pamoja, mara nyingi utakuta “Mkataba wa mwisho”, “Mkataba wa mwisho mpya” na “Mkataba wa mwisho kabisa”, na asiwepo wa kusema uliosainiwa ni upi. Yape mafaili majina yanayoanza na mwaka, mwezi na siku, yakifuatiwa na namba ya jalada na toleo, kama vile 2024-03-18_FED12_Mkataba_Toleo3, ili kompyuta iyapange yenyewe kwa mfuatano wa wakati.

Kufuta nako kuna utaratibu. Taasisi inayolimbikiza kila kitu hujiwekea hatari, kwa kuwa taarifa binafsi za watu zisizohitajika tena ndizo zitakazowadhuru siku mfumo ukivamiwa. Andaa ratiba ya uhifadhi na uteketezaji inayozingatia sheria, orodhesha kila kinachoteketezwa pamoja na aliyeidhinisha, na simamisha uteketezaji mara tu shauri au ukaguzi unaohusika unapoanza.

Kumbukumbu za kutunzwa muda mrefu zihifadhiwe katika muundo wa PDF/A, uliobuniwa kwa kazi hiyo na kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2005. Tunza nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa nje ya jengo. Kila baada ya miezi mitatu, mtunza kumbukumbu achague jalada moja kutoka nakala rudufu, alifungue, alisome hadi folio ya mwisho, na aandike kwenye rejista kama limefunguka.