Kopo la jioni ndilo linaloua rehani zenu

Kila mwaka hadithi ni ile ile. Kaskazi inalegea, joto la Machi linatuchosha, mara wingu la kwanza la masika linadondosha matone, na watu wa Lamu wanaingia viwandani mwao, yaani kwenye nyua za nyumba, na ndoo kuukuu, makopo ya rangi, mbegu za mchicha na vipandikizi vya rehani, ile mimea ya majani ya kunukia, na asmini walivyoomba kwa jirani. Wiki tatu za mwanzo ni raha tupu. Wiki ya sita napigiwa simu: njoo uangalie, wadudu wametumaliza. Nikifika, mdudu simwoni. Naona chumvi.

Mwezi wa Mei uliopita niliitwa mtaa wa Mkomani, nyumba ya kale, na kiwanda chake cha ndani kimejaa ndoo kumi na nne zimepangwa kando ya ukuta. Bibi mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kibago, anaziangalia kama mtu aliyefiwa. Majani ya rehani yamekuwa kahawia pembeni, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Mchicha umedumaa. Juu ya udongo kuna utando mweupe. "Mwanangu," akaniambia, "mai naipa kula siku, mbona yafa?"

Inakufa kwa sababu unaipa kila siku, bibi. Kopo moja la maji ya kisima, kila jioni, bila kukosa. Ndilo kosa ninaloandikia makala haya, na msitarajie niwafundishe kupanda mchicha. Hilo mnalijua kunishinda.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Chukua maji ya kisima yenye gramu 2 za chumvi kwa lita. Hayo si maji ya bahari. Wengi wetu tumeyaoga tangu utotoni. Ndoo yako ya lita 20 unaipa lita 1 kila siku. Jua na upepo vinachukua maji, lakini chumvi haina mbawa, inabaki humo humo. Baada ya siku 30 umeweka gramu 60 za chumvi ndani ya ndoo moja, yaani karibu vijiko kumi vya chai. Nani kati yenu angechota vijiko kumi vya chumvi akavimwaga kwenye shina la rehani? Mnafanya hivyo hivyo, ila kidogo kidogo, na kwa mapenzi.

Nasema kwa mapenzi kwa sababu najua bustani hizi ni za nini. Si za kuuza. Ni za mtu kushuka baada ya swala ya alfajiri, akakwatua kidogo, akachuma mnavu wa mchana, akanusa asmini zilizofunguka usiku. Ni za kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, cha harusi ya mjukuu kisichonunuliwa sokoni. Wapo wazee wanaoambiwa na daktari watembee kwa ajili ya sukari au presha, na hawatembei. Lakini wape ndoo sita za kuhudumia, watainama, watainua, watazunguka nusu saa bila kuhimizwa, na jirani akipita dakani, pale barazani mlangoni, watapata na wa kuzungumza naye. Kisha miche inakufa, na mtu anasema mkono wake hauoti kitu. Wengine hawajaribu tena. Mkono hauna kosa.

Haya, vipimo. Someni taratibu.

Kwanza jueni maji yenu. Kuna kifaa kidogo kama kalamu cha kupimia chumvi majini; watu kumi wa mtaa mmoja wakichanga watakipata. Kikisoma chini ya 0.7 kwa kipimo cha desisimensi kwa mita, mwagilia bila hofu. Kati ya 0.7 na 3, fuata ninayosema hapa. Zaidi ya 3, maji hayo ni ya kufulia, wala usiniite. Kama kifaa chako kinasoma miligramu kwa lita, mipaka hiyo ni kama 450 na 2,000.

Maji ya kisima chetu yamelala tabaka: matamu yanaelea juu, ya chumvi yako chini. Teka alfajiri, kisima kikiwa kimepumzika usiku kucha, na ushushe ndoo polepole uchote ya juu. Mwenye pampu anayeivuta saa mbili mfululizo anaipandisha chumvi ya chini kwa pesa yake mwenyewe.

Pili, acheni kunyunyiza. Maji machache yanalowesha vidole viwili vya juu, yanakauka, yanaacha chumvi pale pale mizizi michanga ilipo. Mwagilia kwa siku moja kuruka moja, lakini kwa wingi: tuta la mita 1 kwa mita 1.5 linywe debe zima la lita 20. Debe zima, si nusu debe na maneno. Mchanga wetu unapitisha maji haraka, kwa hiyo gawa mara mbili: nusu debe, subiri dakika kumi, kisha nusu iliyobaki. Maji yanayopita chini ya mizizi ndiyo yanayobeba chumvi kwenda nayo. Ukiona ni hasara kumwaga maji ambayo mmea haunywi, basi hujanielewa. Rudi kwenye vile vijiko kumi.

Saa nazo zina maana. Maliza kabla ya saa moja asubuhi. Maji yaende kwenye udongo, yasipite kwenye majani, kwa sababu tone la maji ya chumvi likikauka juu ya jani linaliunguza. Mchana wa jua kali usiguse kopo hata kama majani yamelegea. Yatasimama yenyewe jioni.

Ndoo na makopo yanahitaji matundu. Ndoo ya lita 20 itoboe matundu sita chini, kila moja upana wa sentimita 1, kisha uiinue juu ya mawe matatu ili isikae sakafuni. Na zile sahani mnazoweka chini ya ndoo ili kiwanda kisichafuke, toeni. Maji yaliyoshuka na chumvi yanarudi kunyonywa juu. Nimeona nyumba moja imeweka sahani za mezani, nzuri kabisa, na kila moja ina ukingo mweupe. Mwenyewe alidhani ni chokaa ya ukuta.

Sasa jambo linaloniudhi kuliko yote. Mvua za mwaka, yaani za masika, zinaanza Aprili na kilele chake ni Mei, ndiyo dawa ya bure, nanyi mnazikimbiza ndoo ndani ya daka eti mvua itavunja miche! Ndoo yenye utando mweupe husafishwa kwa maji matamu mara mbili ya ujazo wake, yaani lita 40 kwa ndoo ya lita 20, yakipita polepole. Mvua inawasaidia kazi hiyo mkiwa mmelala. Toeni ndoo nje. Mche mchanga sana ufunikeni kwa kipande cha kuti siku mbili tatu, basi.

Wenye paa la mabati wasiache maji yaende mtaroni. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita 4 kwa 5 likipata mvua ya milimita 10 linatoa lita 200, pipa zima. Lita 40 za mwanzo ziache zipite, maana zimeosha vumbi, kinyesi cha ndege na chumvi ya upepo. Funika pipa, likibaki wazi mtafuga mbu. Wazee wetu walitia visamaki birikani, yale matangi ya maji ya nyumbani, wale viluwiluwi vya mbu, na hilo nalo halijapitwa na wakati. Maji haya ya mvua msiyamalize Mei. Yawekeeni miche ya Julai na Agosti, mvua ikipungua na kusi likiwa bado linakausha.

Mimea nayo haifanani kwa kuvumilia. Maharage, karoti na vitunguu huumia mapema kabisa, na biringani halikawii kuyafuata. Kunde huvumilia vizuri zaidi, na majani yake ni mboga. Kama kisima chako ni cha chumvi, anza na kunde na mchicha. Karoti uwaachie watu wa bara.

Samadi ya punda tunayo tele, lakini mbichi ina chumvi yake. Ioze miezi miwili, kisha changanya sehemu moja kwa sehemu tatu za udongo. Mchanga usitoke ufukweni, hili sitalirudia. Juu ya udongo tandaza makuti chakavu unene wa sentimita 5, ukiacha vidole vitatu kutoka kwenye shina, ili jua lisivute maji juu. Makumbi ya nazi pia yanafaa, ila si yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba. Hayo yamelewa bahari.

Jani jipya likitoka bila ukingo wa kahawia, mambo yako sawa.

Na ule utando mweupe uliopo sasa hivi, usiuchimbue ukauchanganya na udongo. Ukwangue kwa kijiko, kina cha sentimita 2, utie kwenye mfuko, ukautupe jaani. Bibi wa Mkomani alikuwa anaukwangua vizuri sana, kisha anaumwaga chini ya mkomamanga wa jirani.