Viputo vikikoma, usikimbilie chupa

Kama una bia inayochacha wiki hii, usiijaze kwenye chupa eti kwa sababu viputo vimeacha kutoka kwenye kizibo cha kutolea gesi. Mfuniko wa ndoo ukivujisha hewa kidogo tu, viputo havionekani hata kama hamira bado inakula sukari. Pima kwa haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa bia ukilinganishwa na maji (maji ni 1.000; sukari ikiliwa, namba hushuka). Bia iliyoanza 1.050 mara nyingi hutulia karibu na 1.010 au 1.012, lakini namba yenyewe si hoja sana. Hoja ni ibaki ileile ukipima tena baada ya siku mbili au tatu.

Kabla ya kusoma, koroga sampuli itoe gesi, kisha izungushe haidromita kwa vidole ikiwa ndani. Viputo vinavyoing'ang'ania huinyanyua, ukasoma namba kubwa kuliko ilivyo. Sampuli usiirudishe kwenye ndoo, inywe (ladha yake pia inakuambia mengi).

Namba ikitulia, jaza chupa na uongeze sukari kidogo ili bia ipate gesi humo ndani; gramu 6 hadi 7 kwa lita zinatosha kwa bia nyingi za kawaida. Ukijaza mapema, sukari iliyobaki inajumlishwa na hiyo, na chupa hupasuka kweli, vigae vikaruka.