Kabla hujajaza fomu ya uzamili wa hisabati

Idara niliyosomea hapa Dar ilikuwa na walimu wanne tu wenye uzamivu. Kijitabu cha chuo kilionyesha kozi kumi na tano za uzamili; mwaka wangu zilifundishwa sita. Mimi nilikuja na mapenzi yangu ya topolojia, tawi la hisabati linalochunguza maumbo, kumbe aliyekuwa akiisimamia alishastaafu. Miezi minne ikapita sina msimamizi, na ada ya muhula, ambayo nusu yake mama aliipata kwa kuuza vitenge Kariakoo, ilikuwa imeshalipwa.

Kwa hiyo anza na watu, kozi zije baadaye. Nenda idarani mwenyewe kabla ya kujaza chochote. Mwamkie katibu muhtasi, kaa, muulize polepole: nani yuko masomoni nje, nani anakaribia kustaafu, nani wanafunzi wake humaliza. Hayo hayaandikwi kwenye kijitabu.

Ukishampata mwalimu mmoja au wawili, tafuta makala zao. Nyingi za hisabati na fizikia zinapatikana bure arXiv, hazina ya makala mtandaoni iliyoanza mwaka 1991. Chapisha moja, isome na kalamu mkononi mpaka ukwame, kisha mpelekee pale pale ulipokwama. "Shikamoo mwalimu, nimefika ukurasa wa tano, hili sharti la mpakani limenishinda." Mlango utafunguka kuliko ukimpelekea barua ndefu ya kusifu chuo.

Swali la utafiti lichague kwa kuangalia nani yupo wa kukusahihisha. Mimi niliachana na topolojia, nikachukua mafuriko ya Mto Msimbazi, kwa sababu mwalimu mmoja alikuwa anajua mwendo wa vimiminika. Tulitumia milinganyo ya Saint-Venant, ya mwaka 1871, inayoeleza maji ya kina kifupi yanavyokwenda. Nikaugawa mto vipande vya mita 10, nikaiambia kompyuta isonge mbele sekunde 5 kila hatua. Majibu yakalipuka: kina cha maji kikawa kilomita kadhaa pale Jangwani! Wiki mbili nilitafuta kosa kwenye programu, sikuliona.

Mwalimu alinikuta koridoni, akaomba chaki. Maji ya kina cha mita 2.5, wimbi lake linakwenda karibu mita 5 kwa sekunde. Ongeza mkondo wa mita 1, zinakuwa 6. Kwa sekunde 5 wimbi linavuka mita 30, vipande vitatu, wakati mbinu yangu ya kukokotoa ilikuwa inaona kipande cha jirani tu. Hatua isizidi sekunde 1.6, ili wimbi lisivuke zaidi ya kipande kimoja. Sharti hilo Courant, Friedrichs na Lewy walilitoa mwaka 1928. Dakika kumi, tatizo likaisha. Kwenye idara ndogo hiyo ndiyo mali yako, mwalimu unayekutana naye koridoni kila siku. Itumie.

Semina kama haipo, ianzisheni. Sisi tulikuwa watatu, kila Alhamisi saa tisa, mmoja ubaoni, wawili wanauliza. Mwenzetu wa fizikia ya mionzi alitufundisha mengi kuliko kozi mbili nilizofanyia mtihani.

Kile ambacho idara haina kitafute nje mapema. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, iliyoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, ina stashahada ya mwaka mmoja kwa wanaotoka nchi zetu, na AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 2003, ina uzamili wa sayansi za hisabati. Soma masharti yao ungali mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, maana barua za walimu huchukua muda kupatikana.

Andika tasnifu kwa LaTeX, programu ya kupanga maandishi yenye hesabu, tangu wiki ya kwanza, na nakala iweke sehemu mbili. Ikishakwenda kwa mtahini wa nje, usikae nyumbani kusubiri simu. Pita idarani kila baada ya wiki mbili uulize imefika wapi. Yangu ililala kwenye kabati miezi mitatu haijatumwa, na niliyeigundua ni mimi.