Somo: Kuagiza shati la kipimo mtandaoni likukae vizuri

Wengi wanaoagiza shati la kipimo mtandaoni wanaharibu kazi kabla hawajachagua hata rangi: wanajipima mwili na kutuma namba hizo. Fundi wa mtaani akikupima, jicho lake linafanya nusu ya kazi. Anaona bega moja limeshuka, anaona tumbo, anaongeza hapa na kupunguza pale bila kukwambia. Mtandaoni zinakwenda namba tupu, halafu kila duka linaziongezea nafasi ya kupumulia kwa hesabu yake lenyewe. Ndiyo maana wanaume wawili wenye kifua cha sentimita 100 wanaweza kupelekewa mashati yasiyofanana hata kidogo.

Shati lililokwisha kushonwa halina utata huo. Sentimita 110 za shati ni sentimita 110 Dar, ni 110 Chennai. Kwa hiyo pima shati, usipime mwili, kisha rekebisha jambo moja moja. Hayo mengine yote hapa chini ni namna ya kulifanya hilo bila kupoteza hela.

Hatua ya 1: Pata shati la mfano

Si lazima liwe zuri. Liwe limekukaa mabegani na shingoni, basi. Kama kabatini huna, nenda mitumba. Karume, Gikomba au Kongowea utapata mashati ya ofisini ya kila umbo kwa bei ambayo hata ukiyakata hutaumia. Jaribu mengi. Mshono wa bega ukae juu ya mfupa wa bega, usidondoke mkononi wala usipande kuelekea shingoni. Likipwaya ubavuni, mpelekee fundi alipunguze, ulivae kazini siku kadhaa, ulirudishe tena kama bado. Kurekebisha shati la mtumba ni rahisi kuliko kurekebisha lililosafirishwa kwa ndege.

Hatua ya 2: Lifue kwanza

Pamba tupu hurudi ikikutana na maji, hasa ya moto. Kuna viwanda vinavyotibu kitambaa kisirudi sana, kwa njia ambayo Sanford Cluett wa Marekani aliibuni, lakini asilimia 1 hadi 3 ndiyo hesabu salama. Shati la mfano liwe limefuliwa mara nyingi, lipigwe pasi, lilazwe juu ya meza. Kitandani halipimiki, godoro linabonyea.

Na angalia futi yenyewe. Futi za kitambaa zilizokaa miaka kwenye droo huvutika. Ilinganishe na rula ya shule.

Hatua ya 3: Pima

Funga vifungo vyote. Kifua: sentimita mbili au tatu chini ya mshono wa kwapa, kutoka ubavu hadi ubavu, zidisha mara mbili. Kiuno: pale palipo pembamba. Nyonga: chini kabisa kwenye upindo. Mabega: geuza shati, pima mgongoni kutoka mshono wa bega moja hadi la pili. Urefu: mgongoni, kuanzia chini ya kola hadi mwisho. Kola yenyewe ifungue, ilaze, pima kutoka katikati ya kifungo hadi katikati ya tundu lake. Kwenye kola usikadirie. Nusu sentimita unaihisi siku nzima.

Mkono ndio unaowaponza watu. Maduka mengine yanataka urefu kuanzia mshono wa bega. Mengine, hasa yanayofuata mtindo wa Marekani, yanaanzia katikati ya shingo kwa nyuma, yanapita juu ya bega, yanashuka. Mwenye mkono wa sentimita 64 na mabega ya sentimita 46 akiulizwa kwa njia ya pili anatakiwa kuandika 87, yaani inchi 34 na robo. Tazama mchoro wa duka kabla ya kuandika chochote. Na inchi zibaki inchi, sentimita zibaki sentimita. Usichanganye kwenye fomu moja.

Mwisho wa mkono, pale penye kifungo, usiache wazi sana. Ukiwa na upana wa kutosha kuzuia tu usipite kiganja, unaweza kuufanya mkono mrefu kidogo bila kukufunika vidole, na ukinyoosha mkono kushika usukani shati halikimbilii kiwikoni. Upande wa saa ongeza sentimita moja.

Hatua ya 4: Kitambaa na makorokoro

Kwa joto la pwani chukua poplini nyepesi ya pamba, gramu 100 hadi 120 kwa mita ya mraba, au kitani kama pasi haikusumbui. Oksfodi ni nzito zaidi na inafaa Nairobi ya Julai au Arusha. Nyeupe nyepesi mno itaonyesha singlendi. Kuhusu rangi ya uzi wa matundu, herufi za jina na vifungo vya rangi, mimi siwezi kukusaidia, na shati la kwanza halihitaji.

Hatua ya 5: Agiza moja

Moja tu. Punguzo la mashati matatu lipo pale kukushawishi, lakini kosa litakalojitokeza kwenye la kwanza litakuwepo kwenye yote. Chagua kitambaa cha kawaida kisicho na mistari. Mistari huficha mikunjo, na mikunjo ndiyo tunayoitaka.

Hatua ya 6: Soma mikunjo

Shati likifika, livae, simama kama unavyosimama siku zote (si kama askari), mtu akupige picha mbele, nyuma na ubavuni. Hapa ndipo penye somo lenyewe.

Mikunjo ikitawanyika kutoka kwenye kifungo kimoja, shati linabana mahali hapo. Ongeza sentimita 2 hadi 4 hapo tu, usiongeze shati zima. Mikunjo ya wima ubavuni, kama pazia, ina maana kitambaa kimezidi.

Mikunjo ya mshazari inayotoka chini ya kola kwenda kwapani inasema mabega yako yameteremka kuliko shati lilivyodhani. Fomu nyingi zina sehemu ya kuchagua mteremko wa mabega. Chagua ulioteremka zaidi. Ukiona mkunjo wa kulala mgongoni, chini kidogo ya kola, ni kinyume chake: mabega yako yako sawa kama rafu na kitambaa kimekosa pa kwenda. Kama mshazari uko upande mmoja tu, bega moja limeshuka. Wenye kubeba begi la kompyuta upande mmoja miaka yote wanalijua hili.

Kitambaa kikijikusanya juu ya makalio, karibu kila mtu anasema kiuno kinapwaya, anapunguza kiuno. Mara nyingi tatizo ni nyonga. Shati limebana chini, limekwama, haliwezi kushuka, basi linajikunja juu yake. Ongeza nyonga kwanza. Ukipunguza kiuno utalikaza zaidi.

Lingine linalowashangaza wengi: shati ukilichomekea linachomoka kila ukiinua mkono. Wanaongeza urefu. Urefu unasaidia kidogo, lakini mkosaji ni kwapa la shati kukaa chini mno. Likiwa chini, mkono ukipanda unabeba ubavu mzima. Likiwa juu karibu na kwapa lako, mkono unapanda peke yake. Kwapa la juu linabana kwa macho lakini lina uhuru zaidi. Punguza kina cha kwapa kidogo kidogo, sentimita moja, kwani ukipita kiasi litakukata mbele.

Sasa lifue kama unavyofua nguo zako siku zote, mara mbili au tatu, ndipo uamue urefu wa mkono na kola. Kabla ya hapo unapima kitu ambacho hakijatulia.

Hatua ya 7: Oda ya pili

Badilisha mambo mawili, yakizidi sana matatu, na uandike mahali umebadilisha nini. Ukigusa kila kitu hutajua kipi kimeponya na kipi kimeharibu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, mie nipo Mombasa na nna kitambi. Shati likinitosha tumboni, mabega yanapwaya mpaka naonekana nimeazima. Nifanyeje?*

Wewe ndiye hasa unayefaa kuagiza la kipimo, kwa sababu mashati ya dukani yakiongezwa tumbo yanaongezwa na mabega. Tumia mashati mawili ya mfano: moja linalokukaa juu, lichukulie kola, mabega na mikono, la pili kubwa linalofunga tumboni bila kuvutika ukiwa umekaa, lichukulie kifua, kiuno na nyonga. Kiuno kikizidi kifua usishtuke, andika hivyohivyo. Fomu ikiruhusu, mbele pawe parefu kuliko nyuma kwa sentimita 2, maana tumbo linakula urefu.

*Kaka, nataka kumshtukiza mume wangu kwa mashati mawili ya sikukuu. Nitampimaje asijue?*

Dada, huhitaji kumgusa. Pima shati lake analolivaa mara nyingi, si lile zuri lililoning'inia. Mara nyingi lililoning'inia lina kasoro anayoijua yeye. Kola tazama kama anafunga kifungo cha juu au anakiacha wazi hata akiwa na tai. Akikiacha, ongeza sentimita moja. Na uagize moja kwanza, la pili akishalivaa.

*Kuna programu ya simu inayopima kwa kamera. Inafaa?*

Kwa kuhakiki, ndiyo. Kifua na kiuno inaweza kukaribia, ukivaa nguo ya kubana. Kola na mkao wa bega usiiachie. Kama namba zake zinapishana na za shati lako la mfano, amini shati.

*Assalaam alaykum. Niko Maskati, nataka kuagiza kanzu kwa njia hii. Inawezekana?*

Waalaykum salaam ndugu yangu. Inawezekana: mabega, shingo na mkono ni mambo yaleyale. Tofauti ni urefu. Asilimia 2 ya mkono wa sentimita 64 ni kama sentimita 1.3, unavumilia. Asilimia hiyohiyo kwenye kanzu ya sentimita 145 ni karibu sentimita 3, na hapo kanzu imeshapanda juu ya kifundo. Kama unakausha kwa mashine, fua na kukausha kanzu ya mfano hivyohivyo kabla ya kupima, na chini uache upindo mpana wa kushusha.

*Niko Nairobi. Mzigo ukifika naongezewa nini?*

Katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, nguo ziliwekwa kwenye kundi la asilimia 35 kuanzia Julai 2022. Juu yake kuna VAT, 16 kwenu, 18 Tanzania Bara, na inapigwa baada ya ushuru kujumlishwa. Shati ambalo pamoja na usafiri ni dola 100 linakuwa 135, kisha kama 156.60, bado tozo ndogondogo. Piga hesabu hiyo kabla ya kufurahia bei ya tovuti.

*Kwa hesabu hiyo si bora niende kwa fundi wangu?*

Kama unaye anayejua kola, nenda, na umpelekee shati la mfano vilevile. Wengi wanashona mwili vizuri lakini kola inatoka laini au inavimba ikikutana na pasi. Mwombe akuonyeshe shati alilolishona ambalo limeshafuliwa.

*Duka limeahidi kurudia shati bure kama halikukaa. Nilifue kwanza au niwaandikie?*

Soma masharti yao, mengine yanahesabu siku tangu ulipopokea na mengine hayakubali lililofuliwa. Piga picha zote siku lilipofika: mbele, nyuma, ubavu, mikono chini, mikono juu, mchana, kwenye mwanga wa dirisha. Watumie na vipimo vya shati lenyewe kama lilivyofika. Kama mkono ulioagiza ni 64 na umepima 62, hapo huna haja ya kubishana kuhusu mikunjo.