Kabla Hujagusa Ukuta kwa Sponji

Rangi ya mapambo, ile inayogongwa kwa sponji au kuviringishwa kwa kitambaa hadi ukuta ukafanana na jiwe, huonekana kazi nyepesi kwa sababu makosa yake hujitokeza ikishakauka. Yafuatayo yakamilike kabla kopo halijafunguliwa.

Ukuta uwe mkavu. Plasta mpya ya saruji isubiri wiki nne. Ukuta unaotoa unga mweupe wa chumvi, kama ilivyo katika nyumba nyingi za pwani, utafutiwe kwanza chanzo cha unyevu. Nyufa zizibwe, msasa upigwe, vumbi lifutwe. Nyumba ikiwa ya miaka mingi, lowesha ukuta kabla ya kusugua na uwaondoe watoto, kwani rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi.

Rangi ya chini ndiyo iliyoniadhibu. Nilinunua rangi ya maji isiyong'aa, ya bei nafuu, nikaipiga mikono miwili, yaani matabaka mawili, kisha nikaanza kupitisha juu yake rangi ya udongo niliyoizimua kwa maji, kitambaa kilichofinyangwa kikiwa mkononi. Rangi isiyong'aa hunyonya kama mkate uliochovywa chaini. Kabla sijakiviringisha kitambaa, rangi ilikuwa imekwisha zama na kuacha mabaka. Nikiwa katikati ya ukuta mtu akabisha hodi, nikatoka kuzungumza naye huku feni ikizunguka. Niliporudi, ukingo ulikuwa umekauka, na nilipoendelea kutoka pale, rangi ikapandana, ukabaki mstari mweusi wa upana wa kiganja kutoka darini hadi sakafuni. Jirani yangu, fundi wa siku nyingi, aliuliza kwa upole kama paa linavuja.

Ni yeye aliyenielekeza. Rangi ya chini iwe ya kung'aa kidogo, ile ya silki, ilale usiku mzima. Ya juu ichanganywe na glezi, uji usio na rangi unaochelewesha kukauka, sehemu nne kwa moja ya rangi. Ukikosa glezi, fanyeni kazi wawili: mmoja apake ukanda usiozidi nusu mita, mwenzake afuate papo hapo na kitambaa, ukingo ubaki mbichi muda wote. Zima feni. Anzia kona, ishia kona, na simu iachwe chumba kingine.

Changanya rangi ya chumba kizima katika ndoo moja, kwa maana rangi iliyokadiriwa kwa jicho hairudiki. Ijaribu kwenye kipande cha ubao kilichopigwa rangi ileile ya chini, ukiegemeze ukutani, ukitazame asubuhi na tena usiku chini ya taa. Sponji iwe ya baharini. Ile ya kuoshea vyombo huchapa viboksi, na hata hiyo ya baharini uigeuzegeuze mkononi.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, yale yanayotiwa katika baadhi ya rangi na glezi za mafuta, visirundikwe, kwani hujipasha moto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke. Madirisha yawe wazi unapotumia thina. Umeme ukatwe kabla ya kufungua vifuniko vya swichi, ngazi ishikiliwe na mtu mzima, na kopo lisiachwe wazi ndani ya nyumba yenye mtoto anayetambaa.